Programu yako ya kwanza ya mashine ya CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta)

Wanagenzi wangu huwa nawakataza kugusa kompyuta kwanza. Chora kipande kwenye karatasi, weka sifuri kwenye kona, andika vipimo vyote kuanzia hapo. Ukishindwa kuifuata njia ya kikatio kwa kidole, programu isubiri.

Tuchonge mfereji wa urefu wa milimita 50, kina milimita 1:

G21 G90 G54
S1500 M3
G0 Z5.
G0 X0. Y0.
G1 Z-1. F100
G1 X50. F200
G0 Z5.
M5
M30

G21 ni milimita, G90 hupima kila kitu kutoka sifuri, G54 huita sifuri uliyoiweka mezani. X na Y ni pande za meza, Z ni juu na chini. M3 huzungusha kikatio kwa kasi ya S, mizunguko kwa dakika, M5 hukisimamisha, M30 hufunga kazi. G0 ni mwendo wa haraka, wa hewani tu. Anayekata ni G1, kwa kasi ya F, milimita kwa dakika.

Na hiyo nukta baada ya 50 si urembo. Baadhi ya mashine zikikuta X50 bila nukta huelewa milimita 0.05!

Jaribio la kwanza lifanyie hewani: pandisha sifuri ya Z hadi hewani, mbali juu ya kipande, endesha mstari mmoja mmoja, mkono ukiwa karibu na kitufe chekundu cha kusimamisha mashine.