Mazishi ya Askari Marekani: Jinsi ya Kuyalinda Dhidi ya Waandamanaji kwa Mujibu wa Sheria

Sheria za Marekani hazimkatazi mtu kulichukia jeshi, wala kuiandika chuki yake kwenye bango. Kinachozuiwa na sheria za shirikisho, yaani za nchi nzima, karibu na mazishi ya askari ni kelele, vurugu na kuziba njia, ndani ya muda na umbali uliotajwa. Familia isiyojua hivyo hutumia nguvu zake kumwonyesha polisi maneno ya bango, na polisi hana uwezo wa kuyagusa. Maelezo haya ni kwa ndugu wa marehemu, zikiwemo familia za Afrika Mashariki zilizohamia Marekani na watoto wao wakaingia jeshini, pamoja na marafiki na viongozi wa dini wanaowasaidia kupanga mazishi.

Chanzo cha sheria hizi ni kanisa la Westboro Baptist la Topeka, Kansas. Waumini wake walisimama nje ya mazishi ya askari waliouawa Iraki na Afghanistan, wakiwa na mabango ya kusema vifo hivyo ni adhabu ya Mungu kwa nchi inayovumilia ushoga. Mei 29, 2006 Rais George W. Bush alisaini sheria ya kulinda mazishi katika makaburi ya taifa. Agosti 6, 2012 Rais Barack Obama akasaini nyingine iliyoongeza muda na umbali. Vipimo vya 2006 bado vinanukuliwa huku na kule: dakika 60, futi 150 na 300. Usivitumie. Vya sasa ni dakika 120, futi 300 na futi 500.

Anza kwa kujua mwenye makaburi

Makaburi ya taifa yaliyo chini ya Idara ya Maveterani, pamoja na makaburi ya jeshi ya Arlington, yanasimamiwa na kifungu cha 2413 cha Kitabu cha 38 cha sheria za shirikisho. Humo ndani maandamano yoyote yanahitaji kibali cha mkuu wa makaburi, na neno maandamano limepewa maana pana: hotuba, vipaza sauti, mabango, bendera zisizo sehemu ya ibada, hata kugawa vipeperushi.

Mazishi yanayofanyika kwingine, kwenye makaburi ya kanisa, ya mji au ya kampuni binafsi, yanalindwa na kifungu cha 1388 cha Kitabu cha 18. Kifungu hiki kinamhusu askari aliyekuwa kazini na aliyekwisha staafu au kuacha jeshi. Tena hakiishii kaburini: ibada yoyote inayohusiana na kuzika au kuchoma mwili inaingia. Kwa hiyo kama misa ni kanisani na maziko ni mahali pengine, una sehemu mbili za kulinda, na kila moja ina hesabu yake.

Piga hesabu ya muda

Ulinzi unaanza dakika 120 kabla ya mazishi na unakwisha dakika 120 baada yake. Ibada ikianza saa 4:00 asubuhi na kumalizika saa 5:00, ulinzi ni kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana. Unapoiandikia polisi, geuza saa hizo kuwa za Kimarekani: 8:00 asubuhi hadi 1:00 mchana. Kwa wanaohesabu saa kwa Kiswahili kosa hili hutokea kirahisi, na likitokea askari polisi watafika wakati msiokuwa na haja nao.

Pima mahali panapotakiwa

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Futi 300, yaani karibu mita 91, hazipimwi kutoka kwenye jeneza wala mlango wa kanisa. Zinapimwa kutoka pale mpaka wa eneo la mazishi unapokutana na barabara au njia ya kuingilia na kutokea. Makaburi yenye mageti manne yana sehemu nne za kupimia. Upande wa ukuta usio na njia yoyote hauna kipimo hicho, hata kama mtu akisimama hapo anaonekana vizuri kutoka kaburini. Ukiona hivyo, omba hema la mazishi ligeuzwe upande wa pili.

Ndani ya futi 300 hizo kinachokatazwa ni kupiga kelele au kuzusha usumbufu kwa makusudi ya kuvuruga mazishi. Futi 500, karibu mita 152, zinahesabiwa kutoka mpaka wenyewe, na zinamhusu anayezuia watu kuingia au kutoka. Kifungu cha 1388 kinaongeza ulinzi wa tatu, ambao ndugu wengi hawaujui: ni kosa kupiga kelele kwenye mpaka wa nyumba ya mwanafamilia wa karibu wa marehemu, au jirani na mpaka huo, kwa nia ya kumsumbua.

Tumia utepe mrefu wa mafundi ujenzi au kipimo cha ramani kwenye simu, weka alama kwenye ramani iliyochapishwa, kisha mpe polisi nakala siku kadhaa kabla. Omba jina la ofisa mmoja atakayeongoza siku hiyo. Nanyi chagueni msemaji mmoja ambaye si mzazi wala mjane. Ofisa wa jeshi aliyepangwa kuisaidia familia na msimamizi wa nyumba ya mazishi wapewe ramani hiyo hiyo.

Sheria za jimbo zisomwe kando

Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitaja kuwa majimbo 44 yalikuwa na sheria zake. Vipimo havifanani. Ya Ohio, iliyokubaliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2008, ilikuwa futi 300 na saa moja kabla na baada ya mazishi. Nebraska ni futi 500. Baadhi ya majimbo yanazuia kule kusimama na bango kwenyewe, bila kungoja kelele, kwa hiyo sheria ya jimbo inaweza kukufaa zaidi kuliko ya shirikisho.

Msafara wa magari ni habari nyingine. Missouri ilijaribu kuulinda njia nzima, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikakikataa kipengele hicho, ingawa ilikubali futi 300 za mahali pa mazishi. Usitegemee sheria barabarani. Panga njia mbili na umwachie ofisa wa polisi achague asubuhi hiyo.

Kesi ya Snyder inavyofundisha

Machi 10, 2006, waandamanaji saba wa Westboro walisimama Westminster, Maryland, wakati wa mazishi ya Matthew Snyder, askari wa Marine aliyefia Iraki. Walikuwa kwenye ardhi ya umma, kama futi 1,000 kutoka kanisani, mahali walipoelekezwa na polisi, na walikaa takriban dakika 30 kabla ya ibada. Njia ya msafara ilibadilishwa, na baba yake aliona ncha za juu tu za mabango. Jopo la wananchi wanaoamua kesi mahakamani lilimpa baba huyo fidia ya mamilioni ya dola. Machi 2, 2011 Mahakama ya Juu ikamnyima, kura 8 kwa 1, kwa kuwa maneno yale yalihusu mambo ya umma na yalisemwa mahali pa umma. Hukumu hiyo inauma, na jaji mmoja, Samuel Alito, aliipinga kwa maneno makali. Lakini ndiyo sheria. Hata vipimo vya 2012 visingewagusa watu waliosimama futi 1,000.

Siku yenyewe na baada yake

Tangazo la msiba lenye saa na anwani ndilo linalowaonyesha waandamanaji pa kwenda. Mnaweza kutangaza kifo bila ratiba, na watu wenu mkawaarifu kwa simu.

Waendesha pikipiki wa Patriot Guard Riders, kundi lililoanza mwaka 2005, huja kwa mwaliko wa familia wakasimama na bendera kuwakinga waombolezaji. Ukiwaalika, mwambie msimamizi wao kwamba hamtaki majibizano. Ndugu anayemrukia mwandamanaji ndiye atakayetiwa pingu.

Teueni watu wawili wasio wafiwa wa kuchukua video. Video yao ionyeshe geti, nguzo au alama ya barabara pamoja na waandamanaji katika picha moja, wataje saa kwa sauti, na wanyamaze ili kelele zisikike. Video ya mabango peke yake haithibitishi lolote. Baada ya mazishi pimeni umbali kutoka pale walipokuwa.

Mvunjaji wa sheria ya shirikisho anaweza kupigwa faini, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Familia pia inaweza kufungua madai katika mahakama ya shirikisho. Badala ya kuthibitisha hasara halisi, inaruhusiwa kuchagua fidia iliyowekwa na sheria, dola 25,000 hadi 50,000 kwa kila kosa, mradi ichague kabla ya hukumu ya mwisho. Mpelekee wakili ramani, video na ratiba, na madai yaandikwe juu ya umbali, saa na kelele.