Namna ya Kuwauliza Wakulima wa Dodoma Kuhusu Hatari za Tabianchi

Ukifika kijijini wilayani Bahi au Chamwino ukauliza, "Mnaathirikaje na mabadiliko ya tabianchi?", utajibiwa kwa adabu na hutaambulia kitu, kwa sababu neno hilo ni la semina, na anayelisikia hukisia kwamba mgeni ameleta mradi. Mimi nilipoteza siku nzima kwa swali hilo.

Baada ya kuwaamkia wazee na kuonana na mwenyekiti wa kitongoji, anzia kwenye misimu ambayo watu wenyewe wanaikumbuka, kama vile mvua za El Niño za 1997/98 au ukame wa 2005/06, kisha uliza ni nini kilipandwa, mifugo gani iliuzwa, na chakula kiliisha ghalani mwezi gani.

Swali la kama mvua imepungua lina mtego. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na jumla ya mwaka hukaribia milimita 600, lakini mkulima hapimi jumla hiyo. Anachokihesabu ni siku za ukavu katikati ya msimu, hasa Februari, mahindi yanapotoa mbelewele: akikuta majani yamejikunja tangu asubuhi, kabla jua halijakolea, amekwisha kujua atavuna nini, hata kama mvua ya Machi itajaza kipimo. Kwa hiyo akikuambia mvua imepungua ilhali takwimu za kituo cha hali ya hewa zinasema vingine, usimsahihishe; muulize ilikatika lini na zao lilikuwa limefikia hatua gani.

Ili kupima uzito wa hofu, mpe kila mmoja punje 20 za mahindi azigawe juu ya michoro iliyochorwa ardhini: ukame, mafuriko, viwavijeshi vamizi, ndege aina ya kwelea kwelea, maradhi ya mifugo, bei ya mazao. Wanawake wakae kikundi chao, la sivyo punje zao zitafuata za waume zao.

Kisha dodosa sababu ya kila fungu, maana jibu lenyewe limo humo. Anayejua fika kwamba mtama huvumilia ukame bado anaweza kupanda mahindi, kwa kuwa mtama unahitaji mtu wa kushinda shambani akifukuza ndege, kazi iliyokuwa ya watoto ambao sasa wako shuleni.