Kompyuta haiwaki kwa flashi wala CD? Hamisha diski

Laptopu ya zamani isiyokubali kuwaka kwa flashi, na sehemu ya CD nayo imekufa, usiitupe. Fungua skrubu za chini, toa diski kuu (hard disk), ichomeke kwenye kompyuta nyingine, weka Linux (mfumo endeshi wa bure) humo, kisha irudishe kwake. Kama diski ni IDE, aina ya zamani ya pini nyingi, utahitaji adapta.

Chomoa kwanza diski ya kompyuta unayoazima! Mimi niliwahi kufuta picha za harusi ya dada kwa kuchagua diski siyo. Kwenye BIOS (mipangilio ya kuwasha) ya kompyuta hiyo ya kuazima weka Legacy, njia ya zamani ya kuwaka, si UEFI, ile mpya, la sivyo diski ikirudi nyumbani haitawaka.

Prosesa ya biti 32? Chukua Debian 12, aina mojawapo ya Linux. Ya 13 haina kisakinishi cha biti 32. Windows usiihamishe hivi, inaweza kuishia skrini ya bluu.