Kuandika Sura ya Mwisho ya Tasnifu

Kabla hujaandika neno lolote la sura ya mwisho, chapisha upya ukurasa wa sura ya kwanza wenye malengo mahususi na maswali ya utafiti, uuweke mezani mbele yako. Sura ya mwisho ni majibu ya ukurasa huo. Watahini wengi husoma kwa njia hiyo hiyo: hutazama maswali, huruka hadi mwisho kuona kama yamejibiwa, ndipo hurudi kusoma yaliyo katikati. Swali lililoachwa bila jibu huonekana mara moja, na jibu ambalo halikuulizwa vilevile.

Katika vyuo vikuu vyetu hapa Uganda mara nyingi sura hii huwa ya tano, nayo hubeba muhtasari wa matokeo, hitimisho na mapendekezo, ingawa inafaa kusoma mwongozo wa idara yako kwanza. Penye ugumu ni mpaka kati ya muhtasari na hitimisho, kwa kuwa wanafunzi wengi huandika muhtasari mara mbili, ule wa pili wakaupa jina la hitimisho.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaala mpya wa sekondari ya ngazi ya chini, ulioanza kutekelezwa mwaka 2020, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Tuseme mwanafunzi wa uzamili amechunguza ufundishaji huo katika shule 4 za Mbale, akakuta kwamba walimu 9 kati ya 12 aliowahoji hufafanua sarufi kwa Kiingereza, wakisema kuwa wanafunzi hawana msamiati wa kutosha. Muhtasari utayasema hayo hasa, pamoja na tarakimu zake. Hitimisho litasema yana maana gani: kwamba katika shule hizo Kiswahili hufikiwa kwa kupitia lugha nyingine, hivyo mwanafunzi hupata nafasi finyu ya kukisikia kikitumika hata ndani ya kipindi chake chenyewe. Kipimo ninachokipenda ni hiki: ikiwa sentensi ya hitimisho inaweza kuhamishiwa sura ya nne, ile ya matokeo, bila msomaji kushtuka, basi bado ni matokeo.

Chunga pia ukubwa wa madai. Shule 4 za Mbale si Uganda nzima, na aliyehoji walimu 12 hana ruhusa ya kuandika kwamba "imethibitika kuwa walimu wa nchi hii" hufanya hivi au vile. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kupima uzito wa dai, kama vile "yanaashiria", "yaelekea" na "huenda", lakini usiyamwage kila mahali, kwani hitimisho ambalo kila sentensi yake inasitasita humfanya mtahini ajiulize kama mwandishi anaiamini kazi yake. Pale data ilipo imara, sema wazi.

Kuhusu mapendekezo, kila moja liwe na mzazi wake katika matokeo, na limtaje mtu au chombo chenye uwezo wa kulitekeleza. "Serikali iwahamasishe walimu" ni pendekezo linaloweza kubandikwa kwenye tasnifu yoyote, na Wizara ya Elimu na Michezo imekwisha kupendekezewa mengi ya namna hiyo katika kazi zilizobaki kwenye rafu za maktaba. Mwanafunzi wetu wa Mbale angeweza kupendekeza kwamba kituo cha taifa cha mitaala kiandae faharasa fupi ya istilahi za sarufi yenye mifano inayomfaa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Pendekezo la utafiti zaidi nalo litokane na pengo halisi: ikiwa alihoji walimu peke yao, basi sauti ya wanafunzi ndiyo iliyokosekana.

Usiingize data mpya. Ukikumbuka nukuu nzuri ya mahojiano uliyoisahau, irudishe sura ya nne, hata kama umechoka. Kagua pia nyakati za vitenzi, kwa sababu pendekezo la utafiti, yaani lile andiko la mpango lililotangulia utafiti wenyewe, huandikwa kwa "-ta-", na "utafiti huu utachunguza" ina tabia ya kujificha hadi kazi inapofika Wandegeya, mtaa wa Kampala, kutiwa jalada. Kilichofanyika kiandikwe kwa "-li-", na unachokihitimisha kwa wakati uliopo.

Kwa tasnifu ya uzamili yenye kurasa 100 hivi, kurasa 8 hadi 12 za sura hii zinatosha. Ukiikamilisha, rudi kwenye ikisiri, ambayo huenda uliiandika wiki kadhaa zilizopita, uiandike upya ili hitimisho linalotajwa humo liwe lile lile ulilolifikia sasa.