Jinsi ya kutengeneza sensa ya mwanga ya kunasa virusi vya influenza A, ukiwa hapa Nairobi

Kama uko kwa maabara ya chuo na unataka sensa ya stripu, yaani kipande cha karatasi kinachotoa mstari mwekundu kikiona virusi kama kile cha kupima mimba, na jibu kwa dakika 15 hivi, usikimbilie kufanya huo mstari uwe mwekundu sana. Pambana kwanza na blanki, yaani sampuli isiyo na virusi kabisa. Signal inaeza kuwa kubwa na bado ukose virusi vichache juu blanki yako inarukaruka, na hapo ndio sensa nyingi hukufa.

Virusi hai achana navyo mwanzoni. Agiza protini ya NP (nukleoprotini, ile inayofunika jeni za kirusi) ya influenza A iliyotengenezwa maabara, haiambukizi mtu, na antibodi mbili, yaani protini za kinga zinazoshika sehemu tofauti za hiyo protini: moja inakaa kwa stripu, ingine kwa chembe ndogo sana za dhahabu, hizo ndio hupaka mstari rangi nyekundu.

Dhahabu nayo unaeza pika mwenyewe. Chemsha maji safi yenye chumvi ya dhahabu, mimina sitreti mara moja huku unakoroga, rangi ya manjano itapotea, iingie giza, alafu itulie kwa nyekundu ya divai. Hapa kwetu maji huchemka kwa digrii 95 hivi sababu ya mwinuko, kwa hivyo usingoje themomita ifike 100. Sitreti ikipungua chembe zinakua kubwa, na kwa stripu wengi hutumia za nanomita 40 hivi. Vyombo viwe safi kabisa, hapo sitanii, uchafu kidogo tu na chembe zinashikana.

Sasa kuvisha antibodi, hapa ndio usichoke. Peleka pH kwa 8 au 9 hivi, gawa dhahabu kwa vichupa kadhaa, kila kimoja kiwe na antibodi nyingi kuliko kilichotangulia, ngoja dakika 10 kisha tia chumvi ya mezani ya asilimia 10. Kinachogeuka bluu hakina antibodi ya kutosha, chembe zimeshikana. Chagua kiwango cha chini kabisa kilichobaki chekundu, ongeza kidogo, alafu funika nafasi zilizobaki na BSA (protini ya damu ya ng'ombe), ukiruka hii BSA blanki itakusumbua milele.

Ya kusoma ni rahisi: kasha jeusi, LED ya kijani (dhahabu hii humeza mwanga karibu nanomita 525), fotodayodi (kifaa cha kupima mwanga) na mikrokontrola (kompyuta ndogo ya kurekodi), vitu unapata Luthuli Avenue. Acha LED ipate joto kwanza. Soma ikiwa imezimwa, soma ikiwa imewashwa, toa ya kwanza kwa ya pili, kisha linganisha mstari na sehemu nyeupe kando yake.

Pima blanki angalau 20, siku tofauti, hata ile asubuhi ya Julai yenye baridi. Wastani wao ukijumlisha mara tatu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha vile zinarukaruka) ndio mpaka wako, chini ya hapo usiseme umeona kitu. Jaribu pia protini nyingi kupita kiasi, maana ikizidi inajaza antibodi za pande zote na mstari unafifia tena.

Ukihamia kamasi za ukweli utahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na utafiti), anza kuomba mapema. Tia sabuni ya maabara kwa bafa (maji ya kuchanganyia sampuli), NP iko ndani ya kirusi na haitoki bila kufunguliwa. Na blanki za hii hatua ya kamasi zitoke kwa watu wanaokohoa kwa sababu ya RSV (kirusi kingine cha njia ya hewa) au influenza B, si kwa wenzako wazima wa maabara peke yao.