Piano ya zamani haijaguswa miaka? Usikimbilie spana kwanza

Mtu akirithi piano ya kizee au akiikuta imelala stoo ya kanisa, swali la kwanza ni "nani atanityunia". Subiri kwanza bana. Kutyuni (kukaza nyuzi mpaka kila moja itoe sauti yake sahihi) ndo kazi ya mwisho, maana piano ina nyuzi kama 220 na zaidi, zote kwa pamoja zinavuta tani 15 mpaka 20 hivi, na huo mzigo wote umebebwa na fremu ya chuma na ubao mmoja ulioshika pini (vile vyuma vinavyozungushiwa nyuzi), sasa kama hivyo viwili vimekufa utakuwa unatwanga maji kwenye kinu.

Kwa hiyo fungua. Hizi za kusimama ukiinua mfuniko wa juu utaona pembeni ndani vikulabu viwili, vizungushe, ubao wa mbele utatoka (ushike, ni mzito ule). Ubao wa chini karibu na pedali umeshikwa na springi, isukume juu tu. Washa tochi. Fremu ikiwa na ufa, funga, hiyo igeuze kabati. Kinyesi cha panya, nondo waliokula felti (kile kitambaa kinene cha sufu), vyote hivyo vinavumilika, safisha kwa brashi laini taratibu.

Halafu pini. Ivalishe ile spana yake maalum ya kutyunia, usitumie spana ya gari wala plaizi, pini ni za pembe nne, utazila kona. Zungusha kidogo sana: pini nzima inakataa kabla ya kukubali, pini mbovu inazunguka kama mwiko kwenye uji. Zikiwa chache unaweza kulaza piano chali (watu wanne, si utani) ukadondoshea supagluu ile nyepesi kama maji pembeni ya kila pini, ukaiacha ikauke. Zikiwa nyingi inabidi zitolewe ziwekwe nene zaidi, hiyo tafuta fundi.

Vibao (vile unavyobonyeza kwa vidole) kukwama ndo ugonjwa mkuu huku pwani, mbao zinakunywa unyevu zinavimba. Ila kabla hujalaumu hali ya hewa chungulia katikati ya vibao, mimi niliwahi kuhangaika na kimoja nusu siku, kumbe kulikuwa na sarafu ya shilingi 50 imezama, sadaka ya mtu hiyo. Kama ni unyevu kweli, toa kibao, kina matundu mawili yenye kitambaa ndani, yabane kidogo na plaizi yapate nafasi, basi. Nyundo (kile kinachopiga waya ukibonyeza kibao) ikienda mbele halafu irudi kwa uvivu, shida iko kwenye kiungo chake, weka tone la spiriti iliyochanganywa na maji, acha ikauke. Mafuta HAPANA, hata ya cherehani, felti inayanyonya inashika vumbi na ukirudi mwezi ujao hali ni mbaya kuliko mwanzo.

Kama vibao vyeupe vina kimstari cha kiungo na vinyuzinyuzi kama vya mbao, inawezekana ni pembe ya ndovu, futa kwa kitambaa chenye unyevu tu, usiloweshe. Karne ya 19 pembe nyingi zilitoka bara zikapita Zanzibar mpaka viwanda vya Connecticut kule Marekani, kwa hiyo hiyo piano inaweza kuwa ilishapita kwetu kabla hujaiona.

Sasa ndo tyuni. Sauti nyingi zina nyuzi tatu tatu, ziba mbili kwa vipande vya mpira, anza na noti ya "la" iliyo juu ya "do" ya katikati, ipeleke hezi 440 kwa app ya simu. Kabla ya kukaza, legeza kidogo mpaka usikie "tik", hiyo ni kutu inaachia. Mimi nilikuwa na haraka, piano imeshuka karibu nusu toni nikaivuta yote kwa mkupuo, waya ukakatika ukanichapa mkono. Ipandishe kwa awamu, pitia yote juu juu, iache siku kadhaa, rudia. Ukishapata waya wa kwanza achia wa pili, bonyeza kwa nguvu usikilize, utasikia "wau-wau-wau", kaza polepole mpaka hilo wimbi lirefuke likatike. Hapo amini sikio, na kwa besi na sauti za juu kabisa pia, app za gita zinadanganya huko kwa sababu oktavu za piano (umbali wa do mpaka do inayofuata) zinatakiwa zivutwe ziwe pana kidogo.

Iweke mbali na dirisha na ukuta unaopigwa mvua. Wengine huwasha balbu ndogo ya joto ndani chini, inasaidia, ila iwe mbali na mbao, na balbu za LED hapo hazina kazi. Rudi baada ya wiki tatu, itakuwa imeshuka tena. Andika tarehe kwa penseli ubavuni mwa kibao cha kwanza, mafundi wa zamani walifanya hivyo, chungulia huenda ukawakuta.