Ukifika kijiji cha Poland kutafuta historia yake, jumba la mwinyi usilianzie

Wageni wangu wakija Warsaw huniomba niwapeleke Żelazowa Wola, alikozaliwa mtunzi wa muziki Fryderyk Chopin. Nawapeleka, ila tunapitia kanisani kwanza.

Jumba la mwinyi, dwór kwa Kipolandi, hukuonyesha fahari tu, na mara nyingi halipo tena. Pale Żelazowa Wola jumba kubwa la akina Skarbek liliungua zamani. Kile kinyumba cheupe kinachopigwa picha ni cha uani, alikoishi baba yake Chopin, Mfaransa aliyewasomesha watoto wa mwinyi. Na ile bustani, ndugu yangu, ni ya miaka ya 1930! Mtoto Fryderyk hakuiona. Familia ilihamia Warsaw mwaka uleule wa 1810.

Kwa hiyo panda treni hadi Sochaczew, kisha tafuta gari la Brochów. Kanisa lake lina minara mitatu ya duara, utadhani ngome. Wazazi wa Chopin walifunga ndoa hapo mwaka 1806, naye akabatizwa 23 Aprili 1810. Hati zilizoandikwa siku hiyo zinasema alizaliwa 22 Februari. Nyumbani kwao walisherehekea 1 Machi. Usiharakishe kuchagua. Andika tarehe zote mbili, na kando ya kila moja uandike nani kasema.

Ukienda kijiji kingine cha upande huu, uliokuwa chini ya Urusi, angalia mwaka kabla hujafungua daftari la vizazi. Kuanzia 1808 ni Kipolandi, kuanzia 1868 ni Kirusi. Mimi sikuangalia. Nilikodolea macho ukurasa mmoja jioni nzima nikimlaani karani kwa mwandiko mbaya, kumbe herufi zenyewe sizijui.

Kisha uliza miaka miwili. Wa kwanza ni 1864, wakulima walipopewa ardhi waliyoilima. Shokoa, yaani kazi ya lazima ya kumlimia mwinyi, ikawa imekwisha. Wa pili ni 1944, serikali mpya ilipotwaa mashamba yaliyozidi hekta 50 za kulimwa. Mwinyi akafukuzwa, jumba likageuzwa shule, ofisi au ghala. Wazee usiwaulize "historia". Watakuelekeza kwa padri. Waulize, "Baada ya vita humu ndani kulikuwa na nini?" Hapo utaletewa kiti.

Na kama jumba limebomolewa kabisa, tafuta miti mikubwa mizee iliyopandwa safu mbili zilizonyooka, zikielekea mahali pasipo na kitu. Simama zinapoishia, utazame chini: vipande vya matofali huwa havikosekani.